Karatasi Iliyozimika Chini ya Kanga

Kisima cha Bi Zamda pale Kang'ata kiliwapa wenzake maji, lakini yeye kilimpa watu. Tangu Muhsin, mumewe, afariki, mlango wake haukujua mgeni asiyeshika ndoo. Asubuhi wanawake walivuta kamba, wakamweleza nani kajifungua na nani kaachika, wakajitwisha, wakaenda zao. Kutwa iliyobaki alizungumza na kuku, na kuku, mwajua, hawajibu la maana.

Siku moja akaja Glory, binti kutoka kijiji cha Mpale anayesomea kemia, na mkoba wa vikaratasi vya njano. Alisema anapima visima vilivyo karibu na machimbo ya dhahabu, maana baruti huweza kuvuja ardhini. Vikaratasi vilipakwa unga wa vichembe vya shaba vilivyoshikana makundi makundi. Ukivimulika kwa tochi yake ya mwanga wa zambarau, vinawaka kama taa.

"Vikikutana na kemikali ya baruti, bibi, vinazimika. Naomba unijazie hii chupa."

Bi Zamda aliipokea chupa. Muhsin alikuwa mchimbaji, na alipokufa aliacha mfuko wa baruti chini ya kitanda. Mjane, kwa kuogopa polisi, aliuzika hatua chache kutoka kisimani, akapanda migomba juu yake, akanyamaza miaka minne.

Basi hakwenda kisimani. Alizunguka nyuma ya nyumba, akajaza chupa maji ya mwisho ya mvua yaliyobaki pipani. Jua lilikuwa kali, hivyo wakajifunika kanga moja wapate giza, bega kwa bega, Glory akamulika. Karatasi ikawaka rangi ya machungwa. Hakuna aliyekaa karibu naye hivyo tangu msiba, na Bi Zamda, Mungu amsamehe, alitamani wasitoke humo.

"Safi, bibi," Glory alisema.

Rukaya, mwenye mimba ya miezi saba, alikuwa akingoja kando ya kisima. Kusikia hivyo akavuta ndoo, akachota kikombe, akakipeleka mdomoni.

"Usinywe, mwanangu," Bi Zamda alisema. Alimpokonya kikombe, akamgeukia Glory. "Yale yalikuwa ya pipa. Pima haya."

Wakajifunika tena. Safari hii karatasi ilififia, ikazimika kabisa, na humo gizani Bi Zamda akasema yote, mfuko, migomba na woga wake. Alipofunua kanga, Rukaya alikuwa bado amesimama pale pale.

"Miezi saba nimekunywa haya," Rukaya alisema, bila kupaza sauti. Akamwaga ndoo, akaondoka.

Kesho yake Bi Zamda alifagia njia kwa mazoea. Wanawake walipita barabarani kwenda mtoni, mbali, na hakuna aliyekata kona kuja kwake. Aliumia, wala hakumlaumu mtu.

Jua lilipopanda, Rukaya akasimama mlangoni na ndoo iliyojaa maji ya mtoni.

"Shikamoo."

"Marahaba. Karibu ukae, mwanangu."

Rukaya hakukaa. Alimimina nusu ya maji kwenye mtungi wa Bi Zamda, akajitwisha ndoo, akaenda.

Maji yale yalikuwa ya kutosha siku moja. Bi Zamda aliyanywa siku tatu.