Simba wa Mtoni

Mimi ndiye niliyeupa mto wetu jina la mbwa.

Miaka ishirini na miwili iliyopita, ofisi ya ramani ilinituma kwenye msitu wa kwetu nikaandike majina ya mito inayoshuka kutoka mlimani. Nilipaswa kuufuata kila mto na kuwauliza wenyeji. Lakini mvua ya msitu ule haina adabu, na ruba wake wanaingia hadi ndani ya soksi. Siku ya tatu nikajifungia kwenye nyumba ya wageni, nikajaza fomu kwa kubunibuni. Mto wa mwisho ulinishinda. Nilioga humo utotoni, ila jina lilishanitoka, na kwenda kumuuliza shangazi yangu, mwendo wa nusu saa tu, niliona taabu. Mbwa wa mlinzi, aliyeitwa Simba, alikuwa amelala mlangoni. Nikaandika: Mto Simba.

Jina likachapwa. Halafu wasomi wakalitafutia maana, ati zamani simba walishuka pale kunywa maji. Simba, kwenye msitu ambao hata jua linapenya kwa shida! Nilicheka peke yangu ofisini. Kicheko kile sasa nakionea haya.

Mwezi uliopita tuliitwa kwenye maktaba ya shule kukipitia kijitabu cha urithi wa msitu kabla hakijapelekwa kiwandani kuchapwa. Mimi niliitwa kama mtaalamu wa ramani. Shangazi aliitwa kwa kuwa ndiye pekee aliyebaki anayejua majina ya zamani. Mwalimu aliposoma "Mto Simba", shangazi alimkatiza kwa upole.

"Huo ni Mvua ya Jana," alisema. "Mlimani ikinyesha leo, mto unajaa kesho, hata kama huku jua linawaka. Ndiyo maana tulikatazwa kuvuka kabla ya kuuliza jana huko juu kulikuwaje."

Mwalimu akaitazama ramani, kisha akanitazama mimi. Nilitakiwa kusema sentensi moja tu. Lakini jina langu lilikuwa limechapwa pembeni mwa ile ramani, na cheo changu chini yake.

"Labda umechanganya, shangazi," nikasema. "Umri nao."

Watu wakacheka kidogo, si kwa ubaya. Yeye aliinama, akaufuata ule mstari wa buluu kwa kidole, akarudia tena. Kisha akavua miwani, akaifuta kwa pindo la nguo yake.

"Basi nimezeeka," alisema.

Nilitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka, tukaletewa chai.

Alasiri nilimsindikiza nyumbani. Wajukuu walimzunguka wakitaka habari za mkutano. Akawaambia kwamba mto ule unaitwa Simba, na kwamba zamani simba walishuka pale kunywa maji. Aliyasema polepole, kama mtoto anayekariri somo, kisha akanigeukia.

"Nimepatia, mwanangu?"

"Umepatia, shangazi," nikasema.