Doa la Chai

Miaka kumi na tisa nimefagia maabara ile na kuwalisha njiwa wake, halafu barua ya kunifukuza ikaja na mistari minne tu: eti nimewashibisha njiwa kwa siri, ndiyo maana wamesahau walichofundishwa.

"Weka saini, mama," akasema Daktari, mtafiti aliyewafundisha. "Njiwa aliyeshiba hadonoi."

"Nimewapima uzito asubuhi. Wana njaa kunishinda mimi."

Kazi yenyewe ya njiwa ilikuwa hivi: mbele ya tundu huwekwa kadi mbili, moja ina picha ya jani la duara, nyingine jani lenye meno. Njiwa akidonoa la meno, anapata mtama. Miaka mitatu hawakukosea, Daktari akapigiwa makofi kila alikokwenda. Wiki ile zikaletwa kadi mpya, njiwa wakaanza kubahatisha. Lawama ikamshukia mwenye ufagio, kama kawaida yake.

Shule sikumaliza, ila macho ninayo na sisahau. Hakuna njiwa aliyewahi kutazama yale meno. Wote waliinama, wakatazama chini pembeni mwa kadi ya zamani, penye doa. Nalijua doa lile. Kadi ile ya meno Daktari aliishika kwa mkono uleule wa kikombe cha chai; hizi mpya zilikuwa safi.

Nikachukua kadi mpya ya duara, nikachovya kidole kwenye chai yake, nikaipaka pale chini.

"We mama, una wazimu?"

"Tulia uone."

Nikamwekea kadi zote mbili Bibi Harusi, njiwa mweupe mwenye maringo. Akadonoa doa. Nikabadilisha pande. Doa. Mara kumi, doa tu.

Msafishaji mwenzangu akaangua kicheko mlangoni. "Shoga, kumbe walikuwa wanasoma chai!"

Daktari akamfungia mlango. Sauti ikageuka asali. "Mama yangu, barua naichana. Hili liishe humu humu. Wageni wanaokuja kuwaona njiwa wanafika saa nne."

"Wale njiwa wengine kumi na wawili uliowaua mwaka juzi, ukasema wajinga," nikamwambia, "kadi zao zilikuwa ndani ya plastiki. Unafuta, doa halikai. Niliona, nikanyamaza. Kunyamaza kwangu kunaishia leo."

"Utapoteza kazi."

"Si ulishaniandikia?"

Saa nne wageni wakaingia. Barua ilikuwa mezani, haina saini. Mimi nilikuwa nimesimama mbele ya tundu la Bibi Harusi, kadi mkono huu, kikombe cha Daktari mkono huu.

"Karibuni," nikasema. "Sogeeni, muone vizuri."