Kopo Lililoita Kuku wa Mandewa

Hii hutaiamini, na sikulaumu, maana hata waliokuwepo ukumbini bado wanaulizana kama kweli mashindano ya roboti ya mkoa mzima wa Singida yalivurugwa na kuku. Kuku, yaani. Wa kienyeji. Tena wa hapa hapa Mandewa.

Tuanze na Felista. Yuko kidato cha tatu, vidole vyote vina alama za kuungua kwa sababu ya kuunganisha nyaya. Miezi minne yeye na rafiki yake Ritha walikuwa wanahangaika na roboti yao: mota za redio kaseti iliyokufa, matairi ya gari la kuchezea, na mwili wa kopo kubwa la maziwa ya unga ambalo mama yake Felista alikuwa analitumia kulishia kuku. Wakaliosha, wakalipaka bluu, wakaiita roboti Kopo. Jina lingine la nini.

Timu moja tu ndiyo ingekwenda Dodoma kushindana na mikoa mingine. Na Felista alikuwa anaitaka Dodoma kwa sababu ya Kintinku. Basi la Dodoma linapita pale, na pale ndipo anapokaa bibi yake, Bibi Selina. Maisha yake yote Felista hajawahi kuvuka Kintinku. Kila safari inaishia mlangoni kwa bibi. Sasa alishajitapa kwenye simu kwamba safari hii atapita, bibi asimame barabarani apungiwe dirishani. Bibi akasema sawa mjukuu wangu, nitavaa kitenge kipya.

Asubuhi ya mashindano akaja Noel kutoka Kinampanda na roboti yake nyeupe, vipande vimetoka kiwandani, inang'aa kama sahani ya harusi. Akalizunguka Kopo mara mbili, akainama, akauliza kwa adabu kabisa.

"Samahani, hili linataga?"

"Likitaga nitakuita uje ule," Felista akamjibu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Roboti inabeba kikombe cha alizeti, inafuata mstari mweusi kwenye ubao mweupe, inapita kona sita, inamwaga alizeti kwenye sahani. Ikikuta kitu mbele yake inasimama yenyewe mpaka kiondoke. Hakuna mtu kuigusa, hakuna kukanyaga ubao, na saa ikishaanza haisimamishwi. Mwenye muda mfupi anakwenda Dodoma.

Zamu ya Kopo ikafika. Kona ya kwanza safi, ya pili safi. Kufika ya nne, nati moja ikachomoka ikadondokea ndani ya kopo. Kacha, kacha, kacha. Watu wakaanza kucheka. Felista hakusikia kitu, macho yote kwenye mstari, anatembea pembeni ya ubao kama anayemfundisha mtoto kutembea. Kopo likamwaga alizeti zote sahanini. Dakika moja na sekunde hamsini, na hakuna timu iliyokuwa imefika hata karibu. Ritha akamrukia mgongoni, wakayumba wote wawili.

Sasa mtu yeyote aliyelelewa kwenye nyumba yenye kuku Singida anaijua ile kacha kacha. Ndivyo kuku wanavyoitwa jioni: punje ndani ya kopo, unatikisa, wanakuja mbio kutoka kila uchochoro. Na ukumbi ulikuwa nyumba tano tu kutoka kwa kina Felista.

Noel ndiye aliyefuata, tena wa mwisho. Roboti yake ikaondoka kimya kimya, sekunde thelathini na tano imeshamaliza kona nne. Hapo jogoo wa mama Felista akaingia mlangoni, kifua mbele, kama mgeni rasmi. Nyuma yake mitetea. Nyuma ya mitetea, vifaranga. Halafu kuku wa jirani, halafu kuku ambao hata hawajulikani ni wa nani. Wakapanda ubaoni. Jogoo akasimama katikati ya mstari, uso kwa uso na roboti ya Noel.

Roboti ikasimama. Jogoo naye akasimama.

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Wengine wakawa wanapiga makofi kuwafukuza, kuku wanaruka wanarudi pale pale. Mwalimu Yeremia, jaji mkuu, akafungua kitabu cha sheria akatafuta kuku. Hawamo. Saa inatembea. Noel kashika kichwa.

Felista akatazama saa ukutani: dakika moja na sekunde ishirini. Nusu dakika tu, na Dodoma ni yake. Akaliona basi, akakiona kitenge kipya. Kisha akalitazama Kopo mikononi mwake, na hapo ndipo akaelewa wale kuku wamemfuata nani.

Ritha alishamsoma usoni. Akamshika mkono.

"Kaa. Hatujavunja sheria yoyote."

"Tumewaita sisi," Felista akasema.

Akanyanyua Kopo juu, akatikisa. Kacha, kacha, kacha. Shingo zote zikageuka kwa pamoja. Akatoka mlangoni anatikisa, kuku wote nyuma yake, akakimbia mpaka uwanja wa mpira, anacheka hadi anapaliwa, jogoo anamdonoa kiatu. Huko nyuma akasikia kelele. Roboti ya Noel ilikuwa imefika, dakika moja na sekunde arobaini na nane.

Sekunde mbili, jamani. Mbili.

Noel akamfuata uwanjani, akasimama katikati ya kuku. Akasema, "Kumbe linataga kweli." Felista akamwambia kama anataka kulipa, akifika Kintinku afungue dirisha, kuna bibi wa kitenge kipya.

Wiki iliyofuata ujumbe ukaingia kwenye simu: "Nimempungia. Kitenge cha njano. Amenipungia kwa mikono yote miwili." Felista akausoma mara sita. Ritha, ambaye alikuwa amenuna siku nne nzima, akausoma mara moja, akarudisha simu.

"Nusu dakika tu, Felista. Ulikuwa na haraka gani?"

Mpaka leo hawajakubaliana. Haya, na wewe: Kopo liko mikononi mwako, saa inatembea, bibi anakusubiri barabarani. Ungetikisa?