Kibodi ya Mkono Wenye Hofu

Kwa miaka kumi na tisa nimekaa kiti namba tatu cha kituo cha simu za dharura hapa mjini Duluth, na kila msimu wa baridi nimepokea simu za wanaume waliotia mkono kwenye mashine ya kuzolea theluji ili wazibue bomba lake. Nilikuwa nawahudumia vizuri. Natuma ambulansi, nawaelekeza namna ya kufunga kidonda, halafu nikishakata simu namgeukia mwenzangu na kusema, "Mwingine huyo." Basi Januari ya mwaka jana, Jumanne asubuhi, mashine yangu iliziba, na mimi Lorna Heikkinen, bingwa wa kuwacheka wajinga wa kaunti nzima, nikatia mkono. Kinyozi hajinyoi, wanasema. Mkono wangu wa kushoto ulibaki na gumba, kidole cha shahada na kile kidogo cha mwisho.

Sikuvililia vidole. Nilikililia kiti. Kazi yetu ni kusikiliza, kuongea na kuchapa kwa wakati mmoja, na anwani isipoingia kwenye skrini hakuna gari linalotoka. Msimamizi wetu, Dwight Skogen, mtu mwema asiyejua kupamba maneno, alinipa wiki kumi.

"Simu kumi za mazoezi, Lorna," aliniambia. "Kila simu, anwani na aina ya tukio viwe vimeingia ndani ya dakika moja. Ukikosea anwani moja tu, nakuhamishia chini kwenye mafaili. Na sipendi kukwambia hivyo."

"Najua hupendi."

"Kule chini kuna joto zuri, lakini."

"Si uende wewe ukaote, bwana."

Kwenye kibodi ya kawaida nilichapa kwa kudonoadonoa, na wiki mbili zikaniishia hivyo hivyo. Mwanamke aliyekuwa akinifanyisha mazoezi ya mkono hospitalini ndiye aliyeniambia habari za watu wa kibodi, wanaojitengenezea zao wenyewe. Wanakutana Jumamosi moja kila mwezi, kwenye ukumbi wa chini wa kanisa la Kilutheri.

Nilikwenda kwa shingo upande. Nikakuta meza ndefu zimejaa kibodi, kila moja na kikaratasi cha jina la mwenyewe, na wanaume wazima wameinama wakisikiliza mlio wa vitufe. Wawili walikuwa wakigombana kuhusu grisi ya kupaka springi za vitufe, na ugomvi wao haukuwa wa utani. Nikajiambia, Lorna, leo umeangukia kwa wehu. Nilikuwa natafuta koti langu nitoke nilipofuatwa na mwanamke mfupi wa miaka thelathini na kitu, penseli imechomekwa kwenye nywele.

"Naweza kuushika?" aliuliza.

Watu walikuwa wakiuangalia mkono ule kisha wanaangalia dari. Yeye aliuchukua, akaugeuza, akakunja kila kidole kilichobaki, akapima kwa macho. Jina lake Pahoua Xiong, na kazi yake ni kutengeneza meno ya bandia kwenye maabara moja ya kule juu kilimani.

"Unafanya kazi gani?"

"Napokea simu za dharura."

"Sijauliza cheo. Vidole vinafanya nini, tangu simu ilie mpaka uikate?"

Miaka kumi na tisa, na hakuna aliyewahi kuniuliza.

Nilidhani atanipa kibodi mojawapo pale mezani nijaribu. Wapi! Aliomba ruhusa kwa Skogen, akaja siku tatu mfululizo kwenye chumba cha mafunzo, akakaa nyuma yangu na daftari wakati nikifanya simu za mazoezi. Mimi kukaliwa nyuma kimya hunipandisha hasira, na siku ya pili nilimwambia aidha aongee au akalete kahawa. Akaleta kahawa. Siku ya tatu akafungua daftari na kunieleza mambo ya kazi yangu ambayo mimi mwenyewe sikuyajua. Katika kila vitufe mia nilivyobonyeza, kumi na kimoja vilikuwa vya kufuta makosa. Maneno "Mashariki" na "Magharibi" ya mitaa yetu niliyaandika kwa kirefu mamia ya mara. Na kwa kila simu nilikuwa naacha kibodi mara sita kufuata kipanya, na kila nikirudi natafuta upya mahali pa vidole.

"Hayo ndiyo yanayokula dakika yako," alisema. "Ulikuwa unaliwa hata ulipokuwa na vidole kumi, mama. Ulikuwa na haraka tu, ndiyo maana hukuona."

Nililivuta daftari nikazipitia zile namba mwenyewe. Hazikukosea.

Kisha akanichorea. Kibodi itakuwa vipande viwili, kila mkono na chake. "Ione ni nyumba ya ghorofa tatu," alisema. "Chini ni herufi. Gumba la kushoto likibonyeza hapa, vitufe vile vile vinapanda ghorofa ya pili, vinakuwa namba, zote chini ya mkono wako mzima wa kulia. Likibonyeza pale, vinapanda ya tatu: kitufe kimoja ni ambulansi, kimoja zimamoto, kimoja Mashariki, kimoja Magharibi. Mkono hauendi popote. Nyumba ndiyo inayokuja."

"Na herufi za vidole vilivyokwenda?"

"Hizo ni yatima, nitazigawa kwa walio hai. Zile ambazo vidole vyako vinazijua sizigusi. Hutakiwi kujifunza upya kitu ambacho hujakisahau."

Nikasema moyoni, huyu mtu ana akili, na nikakasirika kidogo kwamba nilitaka kumkimbia. Akachukua umbo la mkono wangu kwa ule uji wa waridi wanaotumia kuchukua umbo la fizi. Nilinuka mnanaa kutwa nzima.

Alichonikabidhi baada ya siku nane kilikuwa kizuri kuliko kitu chochote nilichowahi kutengenezewa. Vitufe thelathini tu. Safu zimepanda na kushuka kufuata urefu wa vidole vyangu, na kidole changu kidogo, ambacho maisha yake yote hakikuwa na kazi ya maana, kimetengewa mahali pake kama mfalme. Wale wa Jumamosi walikizunguka wakipiga miluzi. Siri ya kutosheka na thelathini ni kwamba kila kitufe kilikuwa na kazi mbili. Ukikigusa na kuachia, kinatoa herufi. Ukikishikilia kidogo, kinapandisha ghorofa au kinatuma amri. Mpaka baina ya kugusa na kushikilia ulikuwa moja ya tano ya sekunde.

Nilifanya mazoezi nyumbani kwa kunakili mapishi ya marehemu mama, supu ya mchele pori na mkate wa iliki, kisha majina ya mitaa yote ya mji. Wiki ya kwanza nilitukana sana. Ya pili nikatukana kidogo. Ya nne nilikuwa nachapa kwa kasi iliyozidi ile ya zamani, na nikaanza kuringa.

Zilipobaki siku kumi, Skogen akaniwekea jaribio la simu moja, sauti ya mazoezi: mama ambaye mtoto wake ametumbukia kwenye barafu ya ziwa. Nilijua si kweli. Nilijua kabisa. Lakini yule mama alipoanza kupiga kelele, vidole vyangu vikaanza kutapika takataka. Anwani ikajaa namba katikati ya herufi, zimamoto likaitwa mara mbili, ambulansi ikatumwa kwenye mtaa ambao haupo duniani. Skogen alizima sauti na kuangalia viatu vyake. Nilikwenda moja kwa moja hadi maabara kwa Pahoua, nikalitupa lile dude juu ya meza yake, katikati ya meno ya watu.

"Hiki ni kidude cha kuchezea!" nilimwambia. "Mnapigiana makofi Jumamosi, nyie na springi zenu, na mimi napelekwa chini kuoza na makaratasi. Ningekaa na kibodi yangu ya kawaida ningekuwa nimeshazoea!"

Pahoua alivua miwani ya kazi.

"Maliza," alisema.

"Nimemaliza."

"Haya, kaa."

Akaunganisha kibodi na kompyuta. Kumbe ilikuwa ikijiandikia muda wa kila kitufe, kilibonyezwa lini na kuachiwa lini. Akaangalia mistari ya asubuhi ile, akaangalia ya wiki zilizopita, akarudi tena kwenye ya asubuhi. Nikaona uso wake unabadilika.

"Ukinakili supu, kidole chako kinakaa kwenye kitufe chini ya moja ya kumi ya sekunde," alisema. "Leo kimekaa mara tatu ya hapo. Ulikuwa unaving'ang'ania, Lorna. Kibodi imedhani unataka ghorofa."

"Kwa hiyo kosa ni langu."

"Hapana. Jino la bandia likiumiza, fundi halaumu fizi. Mimi nimeupima mkono wako ukiwa mtulivu, nikautengenezea kibodi ya mtu mtulivu. Na wewe kazi yako haina utulivu. Kosa ni langu tupu."

Sijazoea watu wanaosema hivyo bila kuongeza "lakini". Hasira zote zikaniisha nikabaki na aibu.

"Uongeze huo muda basi," nilisema. "Iwe nusu sekunde."

"Utaogopa zaidi ya nusu sekunde. Nahitaji kuuona mkono wako ukiogopa kweli. Si kwa simu ya Skogen." Akavuta kiti karibu. "Ipo simu moja isiyokutoka. Kila mmoja wenu lazima anayo."

Ninayo. Sikuwahi kumwambia mtu, hata marehemu mume wangu. Miaka kumi na mbili iliyopita mwanamke mmoja alinipigia, mumewe ameanguka jikoni hapumui. Kwa dakika kumi na moja nilimhesabia akikandamiza kifua, moja, mbili, tatu, nne, na gari lilipofika lilikuwa limechelewa, na yeye kabla ya kukata akasema, "Asante, umekuwa mwema sana." Hilo neno asante ndilo linaloniamsha usingizini. Nilimwandikia Pahoua maneno ya yule mwanamke kwenye karatasi, yote, maana nayajua kwa moyo. Jumapili mchana, jikoni kwangu, yeye akayasoma na mimi nikachapa. Sauti yake ilikatika mara mbili lakini hakuacha. Mimi nililia toka mwanzo hadi mwisho, mikono ikichapa, na kibodi ikiandika kila kitu.

Tulipomaliza alinimiminia maji, akaniuliza kama nataka akae. Nikamwambia akae.

Baada ya hapo akaivunja. Kile kitu kizuri, alikifungua, akayeyusha lehemu, akang'oa vitufe. Kazi mbili kwenye kitufe kimoja, akafuta zote. Akaongeza vitufe kumi na vinne, akaweka chini ya gumba vitufe viwili vikubwa visivyo na kazi nyingine isipokuwa kupandisha ghorofa. Na kila kitufe sasa kilitoa kitu kimoja mara moja tu. "Hata ukikishikilia mpaka Krismasi," alisema.

Wale wa Jumamosi hawakuficha masikitiko yao. "Umeinenepesha, dada," mmoja alimwambia. "Ilikuwa kazi ya maonyesho ile."

"Meno mazuri kwenye glasi hayatafuni nyama," alimjibu, akaendelea na kahawa yake.

Mimi nilisimama pale nikamvulia kofia, na sijairudisha kichwani hadi leo. Wapo mafundi wengi wenye mikono mizuri. Wa kuvunja kazi yake bora mbele ya wenzake, kwa sababu haimfai mtu mmoja mwenye vidole vinane, sijaona mwingine.

Siku ya mtihani Skogen alikaa pembeni na karatasi yake. Simu nane za kwanza nilizipita bila jasho: moto wa jikoni, gari mtaroni, mzee aliyejifungia nje kwenye baridi. Ya tisa ilikuwa ni yule mama wa barafu, mwanzo hadi mwisho. Alipoanza kupiga kelele niliuhisi mkono unakaza, vidole vinazama kwenye vitufe na kukataa kutoka. Sikuuzuia. Nilimwambia mama alale kifudifudi asiukaribie ufa, nikaandika mtaa, gumba likapandisha namba, likashusha, nikabonyeza ambulansi. Ya kumi sikumbuki hata ilihusu nini.

Skogen alipitia karatasi, akaipitia tena.

"Kesho saa moja asubuhi," alisema. "Kiti namba tatu. Na usinikumbatie."

Nilimkumbatia. Kisha nikatoka chumbani nikampigia Pahoua kazini. Nyuma yake mashine ya kusagia meno ilikuwa ikipiga kelele.

"Ulibonyeza kwa nguvu?" alipaza sauti. Hakuuliza kama nimepita.

"Sana. Nimeangalia muda, kama ulivyonifundisha. Kitufe cha ambulansi nilikishikilia karibu sekunde mbili."

"Sekunde mbili! Kikafanya nini?"

"Ikatoka ambulansi moja," nilisema. "Moja tu, na ikaenda mtaa uliotakiwa."

Ile kelele ya kusaga ikakatika ghafla.

"Nimezima mashine," alisema. "Hebu sema tena, Lorna. Polepole."