Nauli ya Kurudi Tanga

Sikuzani aliolewa Karatu akitokea Ngamiani, Tanga, na miaka ya mwanzo aliishi kama abiria aliyetua mizigo lakini hajaifungua. Mumewe, Hasani Matano, alikuwa na duka la nguo, sukari na mafuta ya taa. Alikuwa mpole, mwenye maneno machache, na alimpenda mkewe kwa kumwogopa kidogo, kwa sababu alijua moyo wake haujafika wote. Asubuhi, ukungu ulipotanda mpaka kizingitini, Sikuzani alijifunga kanga juu ya sweta, akasimama mlangoni akivuta hewa, akitafuta harufu ya chumvi ambayo haikuwapo. Alikosa dagaa wabichi. Alikosa joto la jioni linalomfanya mtu atandike mkeka nje. Zaidi alikosa kuitwa kwa jina lake na watu waliomjua tangu utotoni.

Siku ya kuondoka Tanga mama yake alimvisha bangili mbili za dhahabu, akamwambia Hasani akisikia, "Hizi si za kupambia. Siku ukichoka huko, uza, panda treni, njoo." Hasani hakukasirika. Lakini kila alipoziona bangili zile mkononi mwa mkewe, alikumbuka kwamba zilikuwa nauli.

Mwaka wa hamsini na tisa, alipopata uwezo wa kujenga, alimwachia mkewe achague kiwanja. Yeye mwenyewe alitaka juu, kando ya barabara ya malori, penye wateja. Sikuzani akachagua chini, ukingoni mwa korongo, mahali ambapo kijito chembamba kilishuka kutoka msitu wa Ngorongoro. Alisema anataka kusikia maji. Hasani hakubisha. Alijenga duka mbele na nyumba nyuma, kwa matofali ya kuchoma na bati jipya, na binti yao Mwajabu akajifunzia kutembea kwenye ua ule.

Miongoni mwa wateja alikuwapo Nalangu, mama wa Kimaasai aliyekuwa akishuka kutoka upande wa Endulen na punda wawili kununua sukari na unga. Yeye na watu wake walikuwa wamehamishwa kutoka Moru, huko Serengeti, mwaka uleule nyumba ilipojengwa. Mwanzoni walisalimiana tu, "Takwenya," "Iko," kisha Nalangu akazoea kukaa kwenye benchi la duka wakati punda wakipumzika. Kiswahili chake kilikuwa cha shida, lakini alipozungumza habari za Moru kilinyooka. Alimweleza Sikuzani juu ya miamba mikubwa ambayo maji ya mvua hubaki mgongoni mwake, na jinsi alivyokuwa akiujua kila mmoja kama mtu ajuavyo ng'ombe wake. Sikuzani naye alimweleza juu ya bahari. Nalangu hakuwahi kuiona, wala hakujifanya anaielewa. Alisikiliza, basi, na hilo lilimtosha Sikuzani.

Mwaka wa sitini mvua zilikatika. Kijito kikakauka, mahindi ya upande wa Ganako yakakunjamana shambani, na Nalangu alifika siku moja na punda mmoja tu, akasema ng'ombe wanakufa wakiwa wamesimama. Katika kiangazi hicho ndipo Omary, mdogo wake Sikuzani, alipokuja kuwatembelea. Alikuwa akifanya kazi kwa wakala wa bima pale Tanga. Alileta halua na habari za nyumbani, na baada ya siku chache akamweleza shemeji yake habari za bima.

Hasani alisikiliza vizuri. Moto aliuelewa, kwa kuwa duka lilijaa nguo na mafuta ya taa. Wezi aliwaelewa pia. Kuhusu hayo mawili alikubali palepale. Lakini Omary alipomwambia kwamba mkataba wa moto hautalipa chochote maji yakiingia, na kwamba bima ya mafuriko ni kifungu cha peke yake chenye ada yake, Hasani alicheka kwa mara ya kwanza tangu mgeni afike. Alimwonyesha korongo, mchanga wake mweupe, na mbuzi waliokuwa wakilamba mawe. Alisema Tanga iko usawa wa bahari, watu wake wana haki ya kuogopa maji. Karatu iko mlimani.

Omary hakubishana naye. Jioni alishuka korongoni na dada yake, wakatembea juu ya mchanga. Sikuzani ndiye aliyesimama kwanza. Palikuwa na mti wa mgunga umeota ukingoni, na kwenye panda la matawi yake, juu kuliko kichwa cha Omary, lilikwama fungu la nyasi kavu na vijiti vilivyolala upande mmoja wote, kana kwamba vimechanwa kwa kitana. Hakikuwa kiota cha ndege. Alikwisha kuona nyasi zilizolala vile. Alikuwa msichana mdogo, masika ya mwaka mmoja, maji yalipoingia Ngamiani yakanyanyua kitanda cha mama yake na kukiegemeza mlangoni. Yalipopungua, takataka zilibaki kwenye ua wa makuti zimelala namna ileile.

Alimwuliza nduguye maji hayo yalipita lini. Omary akasema hajui, wala hakuna ajuaye, huenda ni miaka mingi kabla mji haujafika huku chini. Akaongeza kwamba hivyo ndivyo bima inavyopima mambo. Haiulizi kama mvua inanyesha leo. Inauliza maji yakija yatapita wapi. Sikuzani akageuka akaitazama nyumba yake. Ilikuwa imekaa chini kuliko nyasi zile.

Usiku ule alimwambia mumewe. Hasani alisema mwaka huu hana fedha ya kuogopa vitu visivyokuwapo, naye alisema kweli, kwa kuwa ukame ulikuwa umewamaliza wateja. Kesho yake asubuhi Sikuzani alivua bangili, akazifunga katika kitambaa, akampa Omary mbele ya Hasani, akamwomba aziuze Arusha njiani na alipie ada ya maji kwa muda wote zitakaofikia.

Omary alimtazama shemeji yake. Hasani alitazama kile kitambaa. Alijua kinachouzwa. Sehemu ya moyo wake ilifurahi kama mtu aliyefunguliwa kifungo, na sehemu nyingine iliona haya kwamba furaha hiyo amenunuliwa na mkewe.

"Mama atauliza," Omary alisema.

"Mwambie ziko salama," Sikuzani akajibu.

Baada ya hapo hamu ya kwao haikupungua. Ilizidi. Zamani alipoikumbuka Tanga alikuwa kama anayekumbuka chumba cha pili. Sasa mlango ulifungwa, na mkono wake ulikuwa mwepesi mpaka akawa anaushika usingizini.

Mvua zilirudi mwishoni mwa mwaka wa sitini na moja, wakati watu wakijiandaa kwa Uhuru. Kwanza zilishangiliwa. Watu walisimama nje walowe. Hasani aliona biashara itaamka, akapanda lori kwenda Mang'ola kununua vitunguu kabla bei haijapanda, akaahidi kurudi kabla ya sherehe. Alimbusu Mwajabu kichwani, akamwambia mkewe afunge duka mapema. Mvua haikuacha. Barabara ya Mang'ola ikakatika mahali pengi, na wapita njia walisema ziwa Eyasi, lililokuwa limekauka mpaka likawa jeupe, limejaa na kuingia kwenye mashamba.

Maji yalikuja kwa Sikuzani alasiri moja ambayo jua lilikuwa likiwaka Karatu. Mvua ilikuwa juu, msituni. Alikuwa akipima sukari aliposikia mngurumo, akadhani ni malori. Kisha akakumbuka kwamba hakuna lori linaloweza kupita siku hizo. Aliacha mizani, akamchukua Mwajabu aliyekuwa uani, akakimbia naye kupanda kilima bila kufunga mlango. Alipogeuka, korongo lilikuwa limejaa maji mekundu, mazito, yenye magogo ndani. Yaliupiga ukuta wa nyuma, ukasimama kidogo, kisha ukaanguka kwa ndani. Vitambaa vya duka vilitoka kwa mlango wa mbele, jora moja baada ya jingine, vikijifungua juu ya maji. Mwajabu alimwuliza mama yake nani anafua nguo zote zile.

Walipokewa na Cresensia, mke wa katekista, aliyekaa juu ya kilima. Alikuwa Mwiraqw mwenye mikono mikubwa na maswali machache. Aliwapa kitanda cha watoto wake, akamfunika Mwajabu kwa shuka lake, akamwambia Sikuzani kwamba nyumba hujengwa. Sikuzani alijibu kwamba hafikirii nyumba.

Ilikuwa kweli, na yeye mwenyewe alishangaa. Kila siku alisimama mahali barabara ya Mang'ola inapoingilia mjini, chini ya mwavuli wa Cresensia, akitazama matope. Bendera mpya ilipopandishwa alikuwa hapohapo. Alisikia nyimbo na vigelegele nyuma yake, akafurahi kwa ajili ya nchi, na hakugeuka. Watu walisema kuna lori limesombwa. Wengine walisema ni mawili. Hakuna aliyejua la nani. Alijaribu kuiwaza Tanga, kama alivyozoea kufanya alipozidiwa, akakuta haimsaidii. Alichokitaka kilikuwa kikohozi cha Hasani asubuhi, na namna alivyokuwa akikunja nguo taratibu, pembe kwa pembe, kama anayemfunika mtoto. Alikumbuka kwamba katika miaka yote ile hakuwahi kumwambia kwamba amefika.

Aliyeleta habari alikuwa Nalangu. Alikuja kwa miguu, bila punda, shuka lake limegandamana na mwili, akauliza nyumba kwa nyumba mpaka akamkuta kwa Cresensia. Alisema mumewe, Senteu, alikuwa ameshuka upande wa ziwa kutafuta ng'ombe waliobaki, akakuta watu wa lori wamepanda kwenye mwinuko wakiishi na wafugaji wa huko. Mmoja alikuwa mwenye duka wa Karatu.

"Anaumwa miguu," alisema. "Lakini anakula. Anauliza habari zako."

Sikuzani akaketi chini, matopeni, na Nalangu akaketi naye.

Hasani alirudi njia zilipoanza kupitika, amekonda, ndevu zimeota, anatembelea fimbo. Sikuzani alimwona kwa mbali, akamwendea. Alipomfikia alimshika mkono, mbele za watu, jambo ambalo hawakulizoea. Hasani aliomba aonyeshwe nyumba. Walishuka pamoja. Zilibaki kuta mbili na sakafu iliyojaa mchanga, na juu ya ukuta mmoja maji yalikuwa yameacha mstari, juu ya kimo chake. Aliutazama mstari ule, akasema polepole kwamba kwa shauri lake peke yake wangepoteza kila kitu.

"Hukuwapo," Sikuzani alisema.

"Nilikuwapo Omary alipotuuliza."

Kampuni ya bima ilimtuma mtu kutoka Arusha. Alipima ule mstari, akakagua korongo juu na chini, akauliza maswali mengi, mengine mara mbili. Omary alikuja pia, akakaa nao. Fidia ililipwa baada ya kusubiriwa sana, kwa kifungu kile cha maji peke yake. Ule mkataba wa moto na wezi haukuhusika, kama Omary alivyosema mwanzo. Yule mtu wa Arusha aliwaambia pia kwamba mahali pale hapatapewa bima tena, na akashauri pasijengwe. Hasani alisema hakuhitaji kushauriwa.

Usiku wa fidia, Mwajabu akiwa amelala, Hasani alimwambia mkewe kwamba fedha ile ni yake, imetoka mkononi mwake. Kama anataka Tanga, watapanda treni wote watatu, na duka litafunguliwa hukohuko.

Sikuzani alikuwa amelisubiri neno hilo tangu siku ya harusi. Sasa lilipofika hakujua aliweke wapi. Alisema, "Niulize baada ya masika."

Walijenga juu, kando ya barabara, na masika yakapita. Hasani akamwuliza. Sikuzani akasema amwulize mwakani. Ikawa desturi kati yao. Miaka mingine alijibu haraka, na mingine alikaa kimya mpaka chai ikapoa, na Hasani alijua kwamba mwaka huo mkewe alikaribia kukubali. Hakuwahi kumsukuma. Omary aliandika kwamba mama amezeeka, anauliza habari za binti yake kila ijapo Idi.

Mwaka wa sitini na saba masika yalikwisha, mahindi yakaanza kukomaa, na Hasani hakuuliza. Sikuzani alingoja. Jioni moja, wakifunga duka, alishindwa kuvumilia.

"Baba Mwajabu, mwaka huu huniulizi?"

Hasani alisema alidhani amemchosha.

"Niulize."

Akamwuliza. Sikuzani aliegemea kaunta, akatazama nje, ambako lori la vitunguu lilikuwa likipanda kutoka Mang'ola likiwa limewasha taa.

"Twende tukamwone mama," alisema. "Tukae mpaka nishibe. Halafu tutarudi."

Hasani aliuliza kushiba kutachukua muda gani. Sikuzani akasema hajui, na kwamba pengine hatashiba. Hasani akaitikia kwa kichwa, akasukuma komeo la mlango, akaenda chumbani kutafuta sanduku.