Dodoso la Watu wa Dunguni

Rukaiya Mshamu alikuwa amechoka kuchekwa. Mwaka wa tatu huo anasoma saikolojia chuo kikuu Dar es Salaam, shahada ya sanaa, na kila akirudi kwao Mbwera, kule kwenye delta ya mto, swali ni lile lile: ndiyo ile ya kutibu vichaa? Akisema siyo, wanamuuliza kama basi atafundisha kuchora, maana sanaa wanayoijua wao ni hiyo. Binti wa watu anaeleza mpaka koo linamkauka, wanamwitikia "ehee" ya kumridhisha, kisha wanamwomba awapime presha.

Hayo ya kuchekwa lakini yalivumilika. Lililomtia wazimu ni dodoso.

Alitakiwa kufanya utafiti wa kumalizia shahada, akachagua sonona, ule unyonge wa moyo usiomtoka mtu, kwa wanawake wakulima wa kwao. Dodoso alipewa chuoni: maswali ishirini, kila swali linajibiwa kwa namba, kuanzia sifuri ya hapana kabisa mpaka tatu ya kila siku. Mwezi wa nne akapanda boti kwenye bandari ya Nyamisati, akawahoji wanawake sitini, mama yake mzazi akiwemo. Sasa mwezi wa nne wanawake wa Mbwera wako wapi? Wako mashambani, juu ya madungu, vile vibanda vya miti mirefu, wanalinda mpunga. Mchana wanaamia ndege, usiku wanafukuza nguruwe. Unapata shida ya kulala? Tatu. Unashtuka ukisikia sauti ndogo? Tatu, tena ongeza, mwanangu, tatu haitoshi. Unakaa mbali na watu? "Wee Rukaiya, hapa unamwona nani?"

Naye akaandika! Mtoto aliyekulia dunguni anajaza tatu, tatu, tatu, wala hashtuki, mpaka aliporudi Dar akajumlisha: wanawake hamsini na saba kati ya sitini wana sonona kali.

"Hili ni janga," alisema Dokta Seleman, msimamizi wake, na macho yakamng'aa. Delta hajaikanyaga hata siku moja, ila makala yake kwenye jarida alishaiona.

"Dokta, hawaumwi. Wanalinda mpunga."

"Dodoso hili linatumika dunia nzima."

"Na nguruwe wa kwetu wanalijua hilo?"

Neno lilimponyoka. Dokta alivua miwani, akaifuta taratibu, akampa mambo mawili achague. Awasilishe kama ilivyo, au arudi akawahoji upya wote sitini, na ripoti iliyochapishwa iwe mezani pake Ijumaa ya wiki ya pili. Akichelewa, mwaka anaurudia.

Rukaiya alitoka mle ofisini na hasira zake. Watu wazima na akili zao waandikwe wagonjwa kwa sababu wanalinda chakula chao! Na mama yake, Bi Mwanabaraka, namba kumi na saba kwenye orodha, eti sonona kali. Mama aliyemsomesha kwa mpunga huo huo! Aliapa kwamba karatasi hiyo haitakwenda chuoni na uongo huo.

Akarudi Mbwera. Mwezi wa sita ulikuwa unaishia, mpunga umeshavunwa, watu wako majumbani mwao. Alizunguka siku nane kwa miguu na kwa mtumbwi, na namba zikaanguka zenyewe. Sifuri, moja, sifuri. "Nalala mpaka alfajiri inanipita, Mungu anisamehe," Habiba, jirani yao, alimwambia huku anacheka. Alhamisi asubuhi alishamaliza hamsini na tisa, na ripoti imo kwenye kompyuta, imebaki namba moja tu. Boti ya asubuhi hiyo, inayoondoka maji ya bahari yakijaa, ndiyo pekee ya kumfikisha Dar kabla ya Ijumaa. Mama yake alikuwa amemwacha wa mwisho, kwani wa nyumbani ana shida gani?

Alimkuta anapepeta mchele uani. Akakaa naye mkekani, begi pembeni.

"Unapata shida ya kulala?"

"Tatu."

"Mama, mpunga umeshavunwa."

"Si nimeuvuna mie?"

"Haya. Unalia bila mtu kujua?"

"Tatu."

"Mama, usinifanyie mzaha, boti inaniacha! Wenzako wote wanalala, wewe unaniharibia kazi kwa nini?"

Bi Mwanabaraka aliweka ungo chini.

"Wenzangu hawakumzika Ukasha," alisema.

Ukasha alikuwa kaka yake Rukaiya. Homa ilimchukua kwa siku tatu tu, Rukaiya akiwa mwaka wa kwanza, katikati ya mitihani, na nyumbani wakakubaliana asiambiwe. Aliambiwa siku ya tisa, alipotoka kwenye mtihani wa mwisho. Alifika matanga yamekwisha, akamkuta mama yake amekaa kimya, hana chozi, akasema moyoni mama yangu ana moyo mgumu.

"Dunguni angalau nina cha kukeshea," mama aliendelea. "Humu ndani nakesha bure."

Miaka miwili! Kila likizo Rukaiya alilala chumba kimoja naye, vitabu vya sonona kichwani, na hakusikia kitu. Alijichukia.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungesoma?"

Mama akachukua tena ungo wake. "Haya, uliza linalofuata, mwanangu, maji yanajaa."

Hakuuliza linalofuata. Boti ilipopiga honi mara ya kwanza, kisha ya pili, alikuwa bado pale mkekani, dodoso limegeuzwa kifudifudi chini ya begi, anamuuliza mama yake maneno aliyoyasema Ukasha siku yake ya mwisho.