Glavu za Msusi

Msusi alikuwa amekaribia saluni yake alipokata kona kwa pikipiki na kukuta mchanga umemwagwa barabarani, mbele ya nyumba iliyokuwa ikijengwa. Hakuwa na mwendo mkali. Hata hivyo tairi la mbele liliteleza, pikipiki ikalala ubavu, naye akaburuzika nayo hadi ukingoni. Kichwa kiligonga lami kwa kishindo.

Mafundi waliokuwa wakijenga ukuta walitupa miiko, wakamkimbilia.

"Dada, usiinuke kwanza. Unanisikia?"

"Nakusikia. Vidole vyangu viko vyote?"

"Viko, dada. Tena viko ndani ya glavu."

Glavu hizo alinunuliwa na baba yake, fundi viatu, pamoja na kofia ngumu na koti zito lenye pedi viwikoni. Kila asubuhi mzee alisimama mlangoni akimkagua kama askari wa getini, na kila asubuhi binti alilalamika.

"Baba, na jua lote hili! Wateja wananiuliza kama siku hizi nachomelea mageti."

 Mzee alimnyooshea tu glavu, akasubiri azivae. Kinga za magoti ndizo zilizomshinda. Binti alizisukumia uvunguni, akidai zinamharibia suruali.

Zahanati walimsafisha goti, lililochunika vibaya, wakamfunga bandeji kifundo cha mkono wa kushoto kilichoteguka. Hakuna mfupa uliovunjika. Baba yake aliingia akiwa bado na aproni ya kazi, gundi imemkaukia vidoleni, akapita watu wote bila salamu.

"Mama, kichwa kinauma?"

"Hapana, baba. Goti tu, na mkono kidogo."

Alimtazama usoni, akamtazama tena, kisha akamshika bega wakaondoka.  Binti alijua mzee anayo maneno, tena ya haki, akayasubiri njia nzima hadi yakamchosha.

"Baba, nigombeze basi yaishe," alisema walipofika nyumbani.

Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti chake, kofia ngumu mapajani. Mkwaruzo ulianzia juu ya sikio ukashuka hadi kidevuni, wa kina cha kuingiza ukucha. Akaiweka chini, akaokota glavu ya kushoto. Ngozi ya kiganja ilikuwa imelika hadi kitambaa cha ndani. Akapitisha kidole gumba kwenye tundu lile, na mabega yake yakaanza kutikisika.

Binti alikuwa amemwona akilia mara moja tu, siku waliyomzika mama. Alichechemea hadi pale, akamkumbatia kwa mkono mmoja.

"Nipo, baba. Nipo hapa."

"Ningebaki na nani mimi?" Mzee alijifuta uso kwa aproni, akajipaka gundi shavuni. "Hii kofia huivai tena. Ikishagonga namna hii, imemaliza kazi. Tutatafuta nyingine."

"Na za magoti nitavaa."

"Nani kakuuliza?" alisema, lakini sauti ilikuwa imelainika.

Alasiri kichwa kilianza kumwasha binti. Mchanga ulikuwa umeingia kwenye misuko iliyotokeza shingoni, na kwa mkono mmoja asingeweza kujifumua. Mzee akaleta kigoda na chanuo.

"Kaa hapa nikufumue."

"Wewe, baba?"

"Mimi nashona viatu. Nywele zitanishinda?"

Zilikaribia kumshinda. Msuko wa kwanza ulimchukua muda mrefu, akihema kama aliyebeba gunia.

"Baba, hayo si magugu!"

"Tulia. Mteja gani huyu asiyenyamaza?"

Alivyoendelea, vidole vyake vilizoea. Mchanga ulidondoka punje punje kwenye kanga iliyotandazwa mabegani, naye akawa anaupuliza taratibu. Mkono mmoja ulikaa juu ya sikio, ukipapasa palepale kofia ilipogonga, kana kwamba bado hajaamini. Binti alifumba macho. Tangu utotoni hakuna aliyemshika kichwa hivyo. Yeye ndiye aliyeshika vya wenzake kutwa nzima.

Baadaye chanuo likasimama. Binti akageuka polepole, akamkuta mzee amesinzia kitini, mdomo wazi, mkono ungali kwenye nywele zake. Nusu ya kichwa ilikuwa imefumuliwa, nusu bado. Akarudi kukaa kama alivyokuwa, akajiegemeza magotini pa mzee, akamwacha apumzike.